Deep Purple ipi unayoizungumzia?

Kaseti ya kwanza ya Deep Purple, bendi ya rock ya Uingereza, kuisikia maishani mwangu ilikuwa ya mjomba. Ilikuwa imerekodiwa kutoka kaseti nyingine, na juu yake ameandika kwa kalamu ya wino wa bluu: "D. Purple, Japan". Kaseti yenyewe ni ya dakika 60, ilhali albamu iliyomo, Made in Japan, ina zaidi ya dakika 75. Kwa hiyo upande A ulikwisha katikati ya dramu za "The Mule", na upande B ukaikata "Space Truckin'" ikiwa imefika nusu, ogani bado inanguruma. Miaka mingi niliamini kwamba wimbo ule unaishia pale pale.

Mjomba alikuwa na msimamo mmoja. Deep Purple ni watu watano, na aliwahesabu kwa vidole: Gillan, Blackmore, Lord, Glover, Paice. Siku niliyomwambia kwamba nimesikia "Burn" na imenikosha, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Hiyo ni bendi nyingine, mjomba."

Kauli ile ndiyo kiini cha ubishi ambao mashabiki wa bendi hii ya Uingereza wameuendeleza kwa zaidi ya nusu karne. Ukiwasikiliza juujuu utadhani wanagombania albamu. Huyu anasema In Rock, yule Machine Head, wa tatu anapiga meza kwa ajili ya Burn. Ukiwachimba kidogo unakuta kila mmoja ana bendi yake kichwani. Hadi kufikia albamu yao ya 23 ya studio, =1 ya mwaka 2024, wameshapita waimbaji viongozi wanne, wapiga gitaa la solo watano ukimjumlisha na aliyeshikilia nafasi kwa muda tu, wapiga besi watatu na wapapasa kinanda wawili. Aliyekuwepo siku zote ni mmoja peke yake, Ian Paice, mpiga dramu anayetumia mkono wa kushoto.

Mashabiki walijaribu kulimaliza jambo hili kwa namba. Waingereza wana desturi ya kuhesabu matoleo ya mashine na magari kwa neno "Mark", basi wakaazima hilo: Mark I, Mark II, Mark III na kuendelea. Hapa nitasema Kikosi cha Kwanza, cha Pili, cha Tatu. Namba hizi ni msaada mkubwa, maana ukimuuliza mtu "kikosi gani?" kabla hujamuuliza "albamu gani?", nusu ya ugomvi inakwisha palepale. Nusu inayobaki ndiyo yenye utamu.

Kikosi cha Kwanza kilikusanyika Hertford, kaskazini ya London, mwaka 1968: Rod Evans akiimba, Ritchie Blackmore kwenye gitaa, Jon Lord kwenye ogani, Nick Simper kwenye besi, na Paice. Jina walilitoa kwenye wimbo wa zamani aliokuwa akiupenda bibi yake Blackmore. Wakapata bahati mapema, kwani "Hush" ilipanda hadi nafasi ya nne Marekani mwaka uleule. Walitoa albamu tatu kwa muda wa mwaka mmoja hivi, na ni muziki wa vijana wenye vipaji wanaotafuta njia: nyimbo za wengine zilizopambwa upya, vionjo vya muziki wa klasiki wa Ulaya, na sauti laini ya Evans juu yake. Sijawahi kukutana na shabiki anayeiweka albamu yoyote ya kikosi hiki nambari moja, na sitajifanya wa kwanza.

Ila namna kikosi hicho kilivyovunjwa inaeleza mengi yaliyofuata. Blackmore na Lord walitaka muziki mzito, wakaona sauti ya Evans haitaubeba. Mwaka 1969 wakampata Ian Gillan kutoka bendi iitwayo Episode Six, na pamoja naye akaja mpiga besi wa bendi hiyohiyo, Roger Glover. Wakaanza mazoezi ya siri katika ukumbi wa jamii huko Hanwell, magharibi ya London. Mchana wanafanya mazoezi na watu wapya, na Evans na Simper bado wanapanda nao jukwaani kwenye maonyesho bila kujua kwamba nafasi zao zimeshakwenda. Ndani ya Deep Purple, mabadiliko hayakuwahi kuwa mambo ya kupeana mikono na kuagana. Ndiyo maana hata mashabiki wanayabishania kwa uchungu wa mtu aliyedhulumiwa.

Hapo ndipo kinapoanza Kikosi cha Pili, kile cha vidole vya mjomba. Naomba nikae hapa, maana bila kuelewa sauti yao huwezi kuelewa kwa nini watu wanang'ang'ania.

Bendi nyingi za rock za wakati ule zilijengwa juu ya gitaa, na kinanda kikiwepo kilijaza nafasi nyuma. Jon Lord hakukubali kukaa nyuma. Ogani ya Hammond, ile ya umeme, kwa kawaida hutolewa sauti kupitia spika yake maalumu yenye kuzunguka, ambayo huipa mtikisiko mtamu wa kanisani. Lord akaipitisha ogani yake kwenye amplifaya za Marshall, zilezile zinazotumiwa na wapiga gitaa. Ikatoka sauti yenye mikwaruzo, nzito, inayoweza kusimama ana kwa ana na gitaa la Blackmore. Sikiliza "Lazy", au mwanzo wa "Speed King" kwenye toleo lenye utangulizi wake mrefu. Kuna mahali huwezi kusema kwa hakika hii ni ogani au ni gitaa. Wanajibizana kama watu wawili wasiokubali kushindwa, na Paice anawasukuma kwa chini, mwepesi kama mpiga dramu wa jazi, wala si mtu wa kutwanga tu. Besi ya Glover inashikilia ardhi ili wale wawili waruke. Juu ya yote hayo kuna Gillan, mwenye ukelele unaopanda hadi unajiuliza atapumua wapi.

Huyo Gillan ndiye aliyeimba sehemu ya Yesu kwenye albamu ya opera ya rock ya Jesus Christ Superstar mwaka 1970. Mwaka huohuo, mwezi Juni, ikatoka Deep Purple in Rock, jalada lake likiwaonyesha wote watano wamechongwa kwenye mlima, kama marais wa Marekani pale Rushmore. Wengi hawakuitegemea. Miezi tisa kabla yake, tarehe 24 Septemba 1969, bendi ilikuwa Royal Albert Hall ikipiga utunzi mrefu wa Lord pamoja na okestra ya Royal Philharmonic, Malcolm Arnold akiongoza. Watu wakadhani hii sasa ni bendi ya kupiga na maokestra. In Rock ilikuwa jibu la Blackmore kwa dhana hiyo. Waliirekodi vipande vipande kwenye studio tatu za London, kila walipopata upenyo kati ya safari za maonyesho, na unaisikia haraka ile ndani yake. "Child in Time" ina dakika kumi, inaanza kwa ogani peke yake kama mtu anayeongea na nafsi yake usiku, na inaishia mahali ambapo hakuna anayeongea tena, wote wanapiga kelele.

Kisha Fireball mwaka 1971, iliyofika kileleni Uingereza lakini yenyewe bendi haikuridhika nayo sana. Kisha Montreux.

Kisa cha Montreux kila shabiki anakijua, lakini mara nyingi kinasimuliwa kwa ajili ya wimbo mmoja, na kinachosahaulika ni jinsi kilivyounda albamu nzima. Desemba 1971 walikwenda mji huo wa Uswisi, kando ya ziwa Geneva, kurekodi ndani ya kasino kwa kutumia studio ya kwenye lori ya Rolling Stones. Tarehe 4 Desemba, kasino ikiwa na onyesho la mwanamuziki wa Marekani Frank Zappa, mtu mmoja kwenye hadhira akafyatua bastola ya fataki. Dari likashika moto, jengo lote likateketea. Deep Purple wakatazama moshi ukitambaa juu ya maji. Siku chache baadaye Glover akaamka usingizini na maneno "smoke on the water" mdomoni.

Wakahamia kwenye ukumbi wa Pavilion, wakarekodi mdundo wa wimbo mmoja tu, majirani wakaita polisi kwa sababu ya kelele. Mdundo huo ndio ulioitwa baadaye "Smoke on the Water". Mwisho wakaangukia Grand Hotel, iliyofungwa kwa majira ya baridi, wakapiga kwenye korido huku wamepanga magodoro kuzuia mwangwi. Lori lilikuwa nje na nyaya zikapitishwa hadi ndani. Kwenda kusikiliza walichorekodi kulikuwa safari ya kukatiza vyumba na baridi, wakachoka, wakaamua kuamini masikio yao wakati wa kupiga. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo siri ya Machine Head, iliyotoka Machi 1972: nyimbo saba, chini ya dakika arobaini, hakuna aliyepata nafasi ya kuzichokonoa. Wimbo walioutegemea uuzike ulikuwa "Never Before". Leo nani anaukumbuka? "Smoke on the Water" ilitolewa kama singo Marekani mwaka 1973 na kufika nafasi ya nne, na tangu hapo kila kijana anayeshika gitaa kwa mara ya kwanza huianza nayo.

Agosti 1972 wakaenda Japani. Kampuni ya huko ilitaka albamu ya jukwaani kwa ajili ya soko lake. Bendi haikuwa na hamu kubwa, ikakubali kwa masharti na kwa gharama ndogo. Maonyesho yakawa matatu, mawili Osaka na moja ukumbi wa Budokan, Tokyo. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa kaseti ya mjomba.

Halafu uchovu. Walikuwa wakizungushwa duniani bila kupumzika, Gillan na Blackmore hawaongei. Mwishoni mwa 1972 Gillan akaandika barua ya kuacha kazi, akamalizia maonyesho yaliyokuwa yameshapangwa, na usiku wa mwisho ukawa Osaka, 29 Juni 1973. Glover naye akaondoka baada ya kufahamu kwamba Blackmore hamtaki tena. Wakati huo Deep Purple walikuwa miongoni mwa bendi zinazouza rekodi nyingi kabisa Marekani. Kwa shabiki wa Kikosi cha Pili, hapo ndipo dunia ilipokwisha.

Kwa shabiki wa Kikosi cha Tatu, hapo ndipo ilipoanza. Akaja Glenn Hughes kutoka bendi ya Trapeze, mpiga besi mwenye sauti ya juu iliyolelewa na soul ya Marekani. Akaja David Coverdale kutoka kaskazini-mashariki ya Uingereza, kijana aliyekuwa akiuza duka la nguo na asiyejulikana na mtu, mwenye sauti nene ya bluzi. Burn ilitoka Februari 1974, na ukitaka kujua kwa nini mjomba alikosea, anza na wimbo unaobeba jina la albamu. Paice hapumziki hata mstari mmoja. Lord na Blackmore wanapokezana kama zamani. Waimbaji wawili wanapasiana mashairi, mmoja chini, mwingine juu. Aprili mwaka huo wakapanda jukwaani kwenye tamasha la California Jam mbele ya umati wa zaidi ya watu laki mbili. Blackmore akaichoma kamera ya televisheni kwa shingo ya gitaa lake na kuziripua amplifaya, picha ambazo hadi leo zinamuuzia Kikosi cha Tatu wafuasi wapya.

Lakini mjomba alipatia jambo moja. Kikosi hiki kilikuwa na mwelekeo mwingine ndani yake. Kwenye Stormbringer, mwishoni mwa 1974, fanki na soul vya Hughes na Coverdale vikapanda juu, na Blackmore hakuvitaka. Aprili 1975, baada ya onyesho la Paris, akaondoka kwenda kuanzisha bendi ya Rainbow pamoja na mwimbaji Ronnie James Dio. Hapa mashabiki hugawanyika kwa haki kabisa, kwa sababu anayependa mdundo wa kuchezeka ataipenda Stormbringer kuliko In Rock, na hatakuwa amekosea. Anasikiliza bendi ambayo haikuwepo mwaka 1970.

Kikosi cha Nne kiliishi kidogo. Tommy Bolin, Mmarekani kutoka Iowa aliyekuwa amepiga gitaa kwenye Spectrum, albamu ya mpiga dramu Billy Cobham, alichukua nafasi ya Blackmore, na wakatoa Come Taste the Band mwaka 1975. Albamu hii inaonewa. Ingetoka kwa jina jingine lolote watu wangeisifu. Jukwaani mambo yalikuwa mabaya: Bolin alikuwa ametawaliwa na dawa za kulevya, na watazamaji walikuja wakidai solo za Blackmore noti kwa noti. Onyesho la mwisho lilikuwa Liverpool, Machi 1976. Bolin alikufa Miami tarehe 4 Desemba mwaka huo, akiwa na miaka 25, miaka mitano kamili tangu kasino ya Montreux iungue.

Kuna ukurasa mmoja ambao wabishi wengi hawaujui, na unawahusu sana wanaouliza "Deep Purple halisi ni nani?" Mwaka 1980 Rod Evans, mwimbaji wa kwanza, alipanda majukwaani Mexico na Marekani na wanamuziki wasiojulikana, kwa jina la Deep Purple. Watu wakalipa viingilio wakitarajia "Smoke on the Water" ya Gillan na Blackmore. Wenye jina wakaenda mahakamani. Evans aliamriwa kulipa dola 672,000, akapoteza na malipo ya mirabaha ya albamu tatu alizoimba kwa halali, kisha akajiondoa kabisa machoni pa watu. Mahakama ilitoa jibu la kisheria kwa swali la mashabiki, na jibu lenyewe lilikuwa chungu: aliyeasisi bendi anaweza asiwe na haki ya kuitwa bendi.

Mwaka 1984 Kikosi cha Pili kilirudi na Perfect Strangers, wimbo wenye jina hilo ukiwa mmoja wa nyimbo nzito walizowahi kutengeneza. Amani haikudumu. Mwaka 1989 Gillan akafukuzwa, akaingia Joe Lynn Turner aliyetoka Rainbow. Mashabiki wakaibatiza bendi "Deep Rainbow", na Slaves and Masters ya 1990 inathibitisha walichomaanisha. Gillan akarudi mwaka 1992. Novemba 1993, baada ya onyesho la Helsinki, Blackmore akaondoka na hakurudi tena. Mpiga gitaa Joe Satriani akawaokoa kwa ziara iliyokuwa imeshauzwa Japani na nyingine iliyofuata Ulaya. Wapo wanaomhesabu kuwa kikosi na wapo wasiomhesabu, na ndiyo sababu utasikia mtu anasema vikosi vinane na mwenzake tisa.

Aliyefuata ni Steve Morse, Mmarekani wa bendi ya Dixie Dregs. Nataka hesabu hii iwekwe mezani kila ubishi unapoanza: Blackmore, kwa vipindi vyake vyote viwili, alikaa Deep Purple miaka kama 16. Morse alikaa 28, kuanzia 1994 hadi 2022 alipojitoa ili amuuguze mkewe. Albamu nane za studio zina gitaa lake. Hata hivyo bendi ilipoingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la muziki huo huko Marekani, mwaka 2016, majina yaliyotajwa yalikuwa manane, na la Morse halimo. Wala la Simper aliyekuwepo siku ya kwanza, la Bolin, wala la Don Airey aliyekuwa amechukua kinanda tangu Lord alipostaafu mwaka 2002. Blackmore, aliyetajwa, hakuhudhuria.

Naona uzito wa dhuluma ile, na bado sisemi kwamba Morse alikuwa Blackmore mpya. Purpendicular ya 1996 ni albamu ya furaha, imejaa hewa, "Sometimes I Feel Like Screaming" inanyanyua kifua. Kinachokosekana ni ugomvi. Morse na Lord waliheshimiana mno kuweza kushindana. Mpaka hapa utakuwa umeona ninapoelekea: kwangu kipimo cha Deep Purple hakiko kwenye koo la mwimbaji, ambako wabishi wengi hukitafuta. Kiko kwenye mazungumzo kati ya ogani na gitaa. Pale yanapowaka, ni Deep Purple, awe anaimba Gillan au Coverdale. Kwenye Slaves and Masters yamezimika, ingawa wanne kati ya watano ni walewale wa mwaka 1970.

Kwa kipimo hicho In Rock inaishinda Machine Head. Najua Machine Head ina nyimbo bora zaidi mmoja mmoja, na mgeni nitampa hiyo kwanza. Lakini kwenye In Rock bado hawajajua nani atashinda, na "Hard Lovin' Man" inasikika kama chumba chenye watu wawili na kiti kimoja. Burn naiweka ya tatu bila kumwomba radhi yeyote. Juu ya zote naiweka ile ya Japani, ingawa wapo wanaokataa albamu ya jukwaani kushindanishwa na za studio. Hao nawaambia waweke "Lazy" zote mbili, ya Montreux na ya Japani, wazisikilize mfululizo.

Nilipoipata Made in Japan nzima, mjomba alikuwa hai bado. Nikamwekea "Space Truckin'" nikaiacha ipite pale kaseti yake ilipokuwa ikikatika. Lord akaendelea. Gitaa la Blackmore likaingia taratibu, akiipandisha na kuishusha sauti kwa kitufe cha gitaa mpaka likalia kama chelo, kisha wote watano wakarudi kwa kishindo. Dakika kumi zaidi ambazo hakuwahi kuzisikia. Alikaa kimya hadi makofi ya Wajapani yalipokwisha, akaniomba nimrudishie kuanzia katikati.